Siku moja maishani mwangu: napima maji ya mlimani, Mbeya

Nianze na kazi yenyewe maana huku kijijini kuna wanaoamini natafuta madini, na wengine wanasema mi ndo napima mashamba ili yachukuliwe. Hapana jamani. Mi ni fundi sanifu wa maji, napima mvua, mito na chemchemi huku Milima ya Uporoto, upande unaotazama bonde la Usangu, na kwenye mradi tulio nao sa hivi napima mpaka maji yanayopanda ndani ya miti. Maji ya huku yanashuka Usangu kwenye mpunga, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanafika Mtera na Kidatu kwenye umeme, mwisho Rufiji. Tangu 1993 Ruaha Mkuu unakatika kiangazi kule hifadhini na kila mtu ana wa kumlaumu, mara wafugaji, mara wakulima wa mpunga, mara sisi wa milimani. Maji mengi yanaishia kwenye mifereji ya mpunga kule bondeni, hilo linajulikana, ila yanayoanzia huku juu nayo lazima mtu ayapime kila siku, la sivyo tutabaki kugombana bila namba.

Siku nayowasimulia ni ya Septemba, kiangazi kimekaza.

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Uporoto saa hizi inauma mpaka kwenye meno. Chai ya rangi, viazi vya jana vilivyobaki, buti, masweta mawili, natoka. Begani nina daftari, ndoo ya lita 20, spana, panga na laptop niliyoizungushia nailoni.

Saa 12 na nusu niko kwenye chemchemi. Hapa pamewekwa kipande cha bomba kwenye mwamba, maji yote yanapita pale, unakinga ndoo halafu unahesabu sekunde kwa simu mpaka ijae. Narudia mara tatu, naandika. Muda huu ni muhimu kuliko wowote kwa sababu jua halijagusa majani, miti bado haijaanza kunywa.

Saa 2, msituni. Tuna miti kadhaa ya asili na milingoti kadhaa, yani mikaratusi, ambayo tumeichoma sindano mbili mbili kwenye shina, nyaya zinashuka mpaka kwenye boksi na betri. Watoto wa shule wanaopita wanasema miti ya dada imetundikiwa dripu, na kweli ukiiangalia ndivyo ilivyo. Sindano ya juu inapashwa moto kidogo, ya chini haipashwi. Maji yakipanda ndani ya mti yanauchukua ule moto, kwahiyo tofauti ya joto kati ya sindano na sindano inapungua, na hapo unapata mti unakunywa kwa kasi gani. Usiku tofauti inakua kubwa, yani mti umetulia. Asubuhi yenye ukungu mti unachelewa kuamka, majani yakiwa yameloa haupumui maji mengi mpaka ukungu uondoke. Mi hii kitu huwa nainamia kwenye skrini naitazama kama sijawahi kuiona, mstari wa kasi ya kunywa umelala usiku kucha, jua linatoka, unaanza kupanda, saa 7 saa 8 uko kileleni, jioni unashuka tena.

Saa 3 kamili kipima mvua. Mvua hamna, naandika 0.0. Mtu akiniuliza kwanini nipande mlima kuandika sifuri namwambia hii sifuri nimeiona kwa macho yangu, hiyo ndo kazi. Saa 4 rula ya mtoni, kusafisha majani yaliyonasa, kusoma kina, kuandika, basi.

Sasa nilipokuwa natoka mtoni ndo nikakuta mzee kasimama kwenye njia, fimbo mkononi, ananisubiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, ndo nyie mmefunga zile waya kule juu? Toka mzifunge maji yangu yamepungua."

Shamba lake liko chini kidogo ya ile chemchemi, na yeye ana kijichemchemi chake kingine ambacho kizazi chote cha pale kilikuwa kinachota. Kwa kweli niliudhika. Nilikuwa sijala, nilikuwa na betri ya kubeba mchana, na hii ya waya zinanyonya maji nimeshaisikia mpaka basi. Nikamwelezea taratibu, akanikatiza. Nikaelezea tena, akasema wataalamu kila mwaka mnakuja na maneno mapya. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kuna waliokuja na matuta, kuna waliokuja na pareto, kuna waliokuja kugawa miche bure wakasema pandeni miti mtunze chanzo cha maji, na yeye akapanda, tena akaizungushia chemchemi yote milingoti kama alivyoambiwa, na kila siku redioni wanasema miti inaleta maji. "Sasa miti ninayo. Maji yako wapi?"

Pale hasira ikanitoka nikakaa chini kwenye gogo. Mzee hakuwa na kosa. Aliambiwa apande miti, hakuambiwa mti gani na apande wapi, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kupanda miti imekuwa ni idadi ya miche tu, ikishapigwa picha imeisha. Mlingoti umetoka Australia, unakua haraka, una majani mwaka mzima na mizizi inayofika mbali, na mti unaokua haraka lazima unywe sana. Yale maji hautunzi shinani, zaidi ya asilimia 90 ya maji ambayo mti unayavuta yanatoka kwenye majani kama mvuke. Ukiupanda mlimani kwenye sehemu kavu utapata mbao na kuni na nguzo, hakuna shida, ukiupanda mdomoni mwa chemchemi unakaa unakunywa kiangazi kizima bila kushindana na mtu.

Akasema wa juu yake wanalima vinyungu, yani bustani za kiangazi kwenye unyevu wa bondeni, na wana pampu wanamwagilia kabichi. Na hilo ni kweli pia, nimeiona pampu, sikumbishia.

Nikamwambia baba twende kwako tupime. Tukapima saa 5 hivi, halafu ikabidi tusubiri mchana. Mama akatuletea ugali na maharage, Mungu ambariki. Tukiwa tunasubiri nikachukua kikombe cha maji nikamwaga kidogo chini ya milingoti yake. Maji yakakaa juu ya udongo kama vitone kwenye kitambaa cha mafuta, yakabingirika yakashuka na vumbi. Kuna mvengi mmoja mkubwa, mti wa asili wa huku, umebaki pembeni pale, wa tangu enzi za baba yake. Nikatoa majani kidogo, udongo chini mweusi, una unyevu, una minyoo, nikamwaga kikombe kingine, maji yakapotea pale pale. Mzee akakichukua kikombe akamwaga mwenyewe, huku na huku. Hakusema kitu.

Saa 8 nikampa simu yake yeye ndo ahesabu, mi nikashika ndoo. Ikachukua sekunde kama sita zaidi ya ile ya saa 5. Akasema rudia. Tukarudia. Akasema rudia tena. Nikamwambia kesho saa 12 apime kabla jua halijatoka ataona ndoo inajaa haraka kuliko zote, kwa sababu usiku miti inapumzika na maji yanarudi, na kama ni waya zangu ndo zinanyonya basi zingenyonya usiku pia.

Alivyoanza kuuliza sasa, aliuliza maswali ambayo hata mkutano wa wataalamu hawaulizi. La kwanza: "Nikikata yote leo, kesho maji yanajaa?" Nikamwambia ukweli, hapana. Afrika Kusini kuna sehemu inaitwa Mokobulaan, mwaka 1969 walipanda milingoti kwenye bonde zima lililokuwa na nyasi, mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa, wakaja kuikata ikiwa na miaka 16 na kijito kikachukua miaka mitano mingine ndo kikarudi kutiririka mwaka mzima. Mizizi ilikuwa imeshakausha udongo chini sana, mvua ikawa inajaza kwanza kule. Na visiki vya mlingoti vinachipua, usipovifuatilia vinaendelea kunywa vile vile.

La pili ndo gumu. "Na msitu wa asili kule juu, wenyewe haunywi?" Unakunywa baba, hakuna mti usiokunywa. Nikampa ya hapa hapa kwetu Mbeya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti walipima mabonde mawili milimani, moja la msitu wa asili, jingine limelimwa kwenye mteremko mkali, na lile lililolimwa likatoa maji mengi zaidi, hata kiangazi. Mzee macho yakamtoka. "Sasa mbona mnatukataza kukata msitu?"

Mi hapa ndo napenda watu wakae wasikilize mpaka mwisho maana wengi wanaibeba nusu. Bonde lile lina udongo wa majivu ya volkano, ule udongo hata ukiulima unapitisha maji kwenda chini, ndo maana mvua haikukimbia juu kwa juu ikabeba shamba. Sehemu nyingine ambapo udongo umekandamizwa na miguu ya ng'ombe, au matuta ya viazi yamepangwa kushuka na mteremko, mvua ile ile inaondoka siku hiyo hiyo, mto unakuja mwekundu masika, na kiangazi hauna kitu kwa sababu chini hakuna kilichoingia. Msituni mvua inapigwa na majani kwanza, ikifika chini inakuta majani makavu na mizizi na udongo uliolegea, inazama. Na juu kabisa kwenye ukungu matawi yenye kuvumwani na zile ndevu za miti yanashika ule ukungu yanaudondosha, maji ambayo kipima mvua cha uwanjani hakiyaoni. Kwahiyo msitu unakunywa, ndio, ila kazi unayofanya kwenye udongo hakuna mwingine wa kuifanya, na mto wa msituni hata masika ukichota unaona kitako cha ndoo.

Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka chanzo cha maji usifanye shughuli ya kukiharibu. Mzee akahesabu hatua, zikaishia jikoni kwake. Ile milingoti ni ada ya wajukuu, ndo nguzo anazouza, na mi sina hela ya kumlipa. Tukakubaliana kitu kidogo, mistari miwili iliyokaribu zaidi na maji ataikata mwezi wa 10 na kupanda mivengi pale, ile ya juu ibaki mpaka ikomae, na kila asubuhi na mchana mjukuu wake apime ndoo aandike kwenye daftari la shule.

Baada ya hapo sijui ilikuwa saa ngapi. Betri ni la gari, zito, nimelifunga kwa kanga mgongoni, kupanda tena kule kwenye miti, mabega yanawaka moto, kubadilisha, kukaza nyaya, kuhakikisha sola haijafunikwa na tawi, kushuka na la zamani. Bodaboda akasema haji barabara mbaya, nikatembea. Magoti ndo yanajua.

Usiku nikapanda kilimani kutafuta mtandao, nikatuma data, ikakwama, ikaenda. Nimekula saa 4 usiku.

Kama uko Rungwe, Njombe, Mufindi au popote una chemchemi na milingoti karibu, wiki hii chukua ndoo na simu, pima saa 12 asubuhi na saa 8 mchana, siku isiyo na mvua, na uangalie kama kuna mtu anamwagilia juu yako. Uniandikie umepata sekunde ngapi na ni miti gani iko pale, nitajibu kila mmoja.