Herufi Moja

Machi 2019, siku ya mwisho ya usajili chuoni Mbeya, nilipanda Kosta pale Tukuyu saa kumi na moja alfajiri, mvua ikinyesha kama ilivyo kawaida ya Rungwe. Miguuni nilikuwa na ndoo yenye blanketi, sufuria mbili na ndizi ambazo mama alikataa katakata niziache. Kwenye bahasha ya kaki: barua ya kuchaguliwa, vyeti, fomu ya afya yenye muhuri wa hospitali ya wilaya, picha nne za paspoti, risiti ya nusu ada na ya bima, 50,400. Ndani ya soksi kulikuwa na shilingi 150,000. Za kodi ya chumba miezi mitatu 120,000, chenji ya godoro na chakula. Sisi wa awamu ya Machi hosteli tuliisikia tu. Vitanda vilishachukuliwa na wa Oktoba.

Foleni ilinifikisha dirishani saa tano. Dada wa usajili aliweka cheti cha kuzaliwa kushoto, cha kidato cha nne kulia, akateremsha kidole taratibu.

"Mdogo wangu, Ambakisye na Ambakise ni mtu mmoja?"

"Ni mimi, dada."

"Najua ni wewe. Vyeti ndiyo havijui. Kalete kiapo cha wakili, tunafunga saa tisa na nusu."

Ile "y" ilidondoka darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa mgeni kwetu, akaandika alivyosikia, na jina likasafiri hivyo hivyo hadi Baraza la Mitihani, NECTA. Baba alisaini ripoti zangu kila muhula na hakuwahi kusema neno. Nacho kitabu cha maelekezo ya kujiunga kilikuwa na kurasa kumi na nne. Sketi fupi na milegezo vilipewa mbili nzima, majina mstari mmoja. Mpaka leo mtu akiniuliza abebe nini chuoni, sianzi na godoro. Namwambia apange vyeti mezani mwezi mmoja kabla, asome jina lake herufi kwa herufi.

Wakili nilimpata karibu na mahakama, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kiapo alikuwa nacho tayari kwenye kompyuta, alibadilisha majina tu. Elfu ishirini. Nikavua kiatu mbele yake. Noti zilikuwa zimelowa, akazianika juu ya printa bila kunitazama. Nikaapa kwamba mimi ni mimi, muhuri ukagongwa, nikarudi mbio. Saa tisa na robo nilikuwa mwanafunzi.

Chumba nilikipata Ilomba jioni, 40,000 kwa mwezi, na mama mwenye nyumba alitaka ya miezi mitatu, hapunguzi hata mia. Mfukoni, baada ya bajaji na wakili, nilikuwa na 127,000. Nikilipa zote, wiki nzima nitakula ndizi za mama. Nikamwomba apokee ya miezi miwili kwanza.

"Unaitwa nani?"

"Ambakisye."

Akaacha kupepeta mchele. "Kumbe wa kwetu! Sema tena."

Nikasema tena. Akauliza ukoo, kijiji, kanisa, na babu yangu kama bado yu hai, kisha akapokea 80,000 akazihesabu mara mbili. Maduka yalishafungwa, basi akamtuma mwanawe aniletee mkeka, na kesho yake nikaenda Mwanjelwa kununua godoro la futi mbili na nusu.

Likizo nilimpelekea baba kitambulisho. Kiliandikwa Ambakise, kinachofuatwa ni cheti cha kidato cha nne, kiapo kinabaki kwenye faili. Alikisogeza karibu na taa, akachukua peni akachomeka "y" yake mahali pake. Wino haukushika kwenye plastiki. Akaufuta kwa kidole gumba, akajaribu tena.