Klik peke yake haitoshi: nilivyohakikisha konekta ya paipu ya mafuta imeingia mpaka mwisho

Kuna ushauri mmoja nimeuchoka na natamani ungeisha kabisa mtaani: "ukisikia klik ujue imeingia." Hapana jamani. Mimi nimesikia klik safi kabisa na ile konekta ya paipu ya mafuta (kiungio cha kuchomeka) nikaivuta ikaja. Hapa tunaongelea petroli, tena petroli yenye presha, tena chini ya siti wanayokaa watoto. Ndiyo maana naandika nilivyofanya kwenye Toyota IST yangu, kuna mtu atahitaji.

Gari ilikuwa inaishiwa nguvu ikipanda mlima, gereji wakabadilisha filta ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tenki pamoja na pampu. Nguvu ikarudi, hapo sina neno. Lakini kuanzia siku ile ndani ya gari kukawa na harufu ya wese, na si muda wote, ndiyo maana ilisumbua watu kuelewa. Ukijaza tenki inakuja, ukipita matuta inakuja, ukiwasha asubuhi inakuja, halafu ukifungua vioo barabarani unasahau. Wife ndiye aliyekomaa, kila akipanda anasema kichwa kinamuuma na mtoto anataka kutapika, na alikuwa sahihi.

Ushauri niliopewa sasa. Mmoja akasema ni kawaida tenki likifunguliwa, harufu itaisha yenyewe. Mwingine akasema nibadilishe mfuniko wa kujazia mafuta, nikabadilisha, harufu iko palepale. Nikairudisha gereji, fundi akafunua siti, akapaka silikoni kuzunguka konekta na juu yake akakaza hosi klipu ya chuma, akaniambia "boss, hapa hata ukipindua gari haivuji." Ilivuja. Baada ya kama wiki harufu ilirudi kali kuliko mwanzo, kwa sababu silikoni ile ya dukani na petroli havikai pamoja, inalainika, inavimba, inabanduka vipandevipande, na kipande kikiingia kwenye paipu kinaelekea kwenye injekta, zile zinazopulizia mafuta kwenye injini. Na hosi klipu ni ya kukazia paipu ya mpira, mpira unabanwa unakubali. Hii paipu ni plastiki ngumu, ukiikaza unaiumiza tu, wala hugusi sehemu inayozuia mafuta, maana kinachozuia mafuta ni oringi (pete ndogo za mpira) zilizo ndani ya konekta na zinafanya kazi pale tu paipu ikiwa imeingia yote. Kuna aliyenishauri nizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba! Tepu ile ni ya nyuzi za bomba la maji, hapa hakuna hata uzi mmoja wa kukaza.

Watu wengi hawajui presha iliyopo humo. Tairi ya gari ndogo unajaza kama 32 psi. Laini ya mafuta ya injini kama hii ya IST inakaa 44 mpaka 50 psi injini ikiwa inaunguruma, na hata ukizima haishuki yote papo hapo. Konekta ikiwa imeingia nusu, oringi inaweza kuzuia siku moja mbili, gari ikitikisika inasogea kidogo na mafuta yanapata njia. Na petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, sembuse Dar, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini mpaka ukutane na moto. Ndiyo maana nilipoamua kuifungua mwenyewe kitu cha kwanza nilimfuata mama wa jirani aliyekuwa na jiko la mkaa uani, nikamwambia "mama shikamoo, naomba jiko tulihamishie upande wa pili, nafungua mafuta ya gari." Alinielewa haraka kuliko fundi. Mtungi wa kuzimia moto nikautoa kwenye buti nikauweka karibu yangu, ule wa poda, maji kwenye moto wa petroli yanausambaza.

Siti ya nyuma ikainuka, mfuniko wa bati ukatoka. Kabla ya kugusa konekta nilichomoa soketi ya waya za pampu, nikawasha gari ikatumia mafuta yaliyobaki kwenye laini mpaka ikazima yenyewe, nikapiga stata tena isiwake, ndipo nikatoa waya hasi wa betri. Usiruke hatua hii hata kama una haraka, ukifungua laini yenye presha wese linakurukia usoni. Hata hapo weka kitambaa, matone hayakosi.

Hosi klipu ya gereji nikakata, silikoni nikaimenya taratibu kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, maana ule mdomo wa pampu ambao konekta inakaa juu yake ukiuchora mstari mmoja tu oringi haitashika tena. Chini ya uchafu wote ule ndipo nikaona ugonjwa wenyewe. Konekta ya kwenye pampu hapa inashikwa na klipu ya plastiki yenye miguu miwili, inachomekwa kwa ubavu. Miguu yote miwili inatakiwa ikae kwenye kola ya konekta (ule ukingo uliotokeza) ili konekta isirudi juu. Mguu mmoja ulikuwa umekaa sawa, wa pili una ufa na umepanda juu ya kola. Yaani klipu ililia klik kwa sababu ya mguu mmoja, fundi akaamini, akafunika.

Nikaenda Kariakoo na klipu ya zamani mfukoni, nenda nayo kabisa, usiende kuelezea kwa mdomo, maana zinafanana na hazifanani. Duka la kwanza jamaa akanipa inayokaribiana, "kaka hii ndiyo ileile, inaingia gari zote." Nikaiweka juu ya ya kwangu, miguu mifupi. Nikaacha. Duka la tatu au la nne nikapata yenyewe, elfu chache tu, na wapo waliotaka kuniuzia laini nzima kwa laki na kitu. Laini nzima unanunua kama oringi za ndani zimechanika au paipu ina ufa. Nilimulika tochi ndani ya konekta, oringi zilikuwa nzima, laini, zinang'aa. Zingekuwa zimechanika nisingetafuta oringi ya bomba la maji inayolingana kwa macho, mpira usio wa petroli unavimba humo ndani na kwisha.

Sasa sehemu ninayojivunia. Tatizo la konekta hizi ni kwamba kwa macho huwezi kujua imebaki milimita tatu au imefika. Nikafikiria: klipu ndiyo inayofunga, lakini bila klipu konekta inaingia na kutoka kwa uhuru. Kwa hiyo nikafuta mdomo wa pampu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikapaka tone la oili safi ya injini, nikaisukuma konekta BILA klipu, imenyooka, mpaka ikagota chini kabisa, haiendi tena. Nikaomba rangi ya kucha ya wife, nyekundu, nikachora kamstari kembamba kwenye mdomo wa pampu palepale ukingo wa konekta unapoishia. Nikaichomoa, nikaiacha rangi ikauke vizuri. Rangi ya kucha haifutiki ovyo kwa petroli, kalamu ya kawaida inafutika. Hapo nikawa na kipimo changu: konekta ikifika mwisho, mstari uko ukingoni. Mstari ukionekana na nafasi juu yake, haijafika, hata ilie klik mara ngapi.

Na ilinisaidia papo hapo. Nikasukuma konekta, nikachomeka klipu mpya, klik! Mdogo wangu aliyekuwa ananimulikia akasema "tayari bro." Nikaangalia mstari: uko mbali na ukingo, upana wa kama punje ya mchele. Nikaishika konekta nikaivuta juu, ikapanda, mguu mmoja wa klipu ukaachia. Klipu mpya, konekta safi, klik imesikika, na bado haijaingia. Nikakaa nikaitazama badala ya kulazimisha. Kumbe paipu yenyewe ilikuwa imepinda, gereji waliitoa kwenye kishikizo chake cha kwenye bodi na hawakuirudisha, kwa hiyo inajikunja na kuisukuma konekta juu kila ukiiachia mkono. Ukichomeka klipu wakati konekta imeshainuka kidogo, mguu mmoja lazima upande juu ya kola. Nikairudisha paipu kwenye kishikizo, ikalala kwenye njia yake, halafu kidole gumba cha kushoto kikaikandamiza konekta mpaka mstari ukafika ukingoni na kikabaki hapohapo, mkono wa kulia ndio ukachomeka klipu. Klik. Mstari haukusogea. Nikavuta kwa nguvu ya mkono, si kwa plaizi, na usiizungushe, vuta wima tu. Haikutoka, mstari palepale. Nikapitisha kucha chini ya kila mguu wa klipu kuhakikisha miguu yote miwili iko kwenye kola. Tochi pande zote mbili.

Upande wa injini konekta ni aina nyingine, ile ya kubana masikio mawili kwa vidole, na juu yake kuna kikava kidogo cha plastiki. Usikubali fundi akitupe hicho kikava. Kinakaa vizuri konekta ikiwa imeingia sawasawa, kikigoma kukaa usikilazimishe, rudi uangalie konekta. Yangu haikuwa imeguswa, nikaivuta, iko imara, nikaacha.

Kupima kwa presha kuna ushauri mwingine unaosambaa, eti weka swichi on bila kuwasha, pampu itajaza laini halafu uangalie. Kuna gari zinafanya hivyo. Yangu pampu haizunguki mpaka upige stata, kwa hiyo ukiangalia kwa swichi tu utaona pakavu na utajidanganya. Soketi ikarudi, betri ikarudi, mdogo wangu akakaa kwenye usukani, mimi nikainama pale tunduni na tochi ya LED na tishu kavu. Akawasha. Nikaacha iungurume, nikapitisha tishu kuzunguka konekta, kavu. Akazima, akawasha tena, akakanyaga mafuta kidogo, kavu. Tishu inakuonyesha unyevu ambao jicho halioni, na harufu yake unaipata hata kama haijalowa, kwa hiyo inuse.

Sikuirudisha siti siku hiyo. Nilifunga mfuniko wa bati tu, nikazunguka nayo mtaani kwenye matuta yote ninayoyajua, nikaenda kujaza tenki full maana harufu ilikuwa inapenda tenki likijaa, gari ikalala. Asubuhi nikafungua tena, tishu tena, mstari tena. Kavu, mstari ukingoni. Ndipo siti ikarudi, na wife akapanda bila kufungua kioo.

Kama hutaki kufanya mwenyewe, sawa, mpe fundi, lakini simama pale na usiondoke kabla siti haijarudi. Mwambie aivute konekta mbele yako. Akikuambia "klik si umeisikia" mwambie naomba uivute tu mkuu. Fundi mzuri haoni shida. Na kama akilazimika kuweka kipande cha mpira badala ya paipu ya plastiki, soma maandishi ya kwenye mpira, kwa injini ya EFI (inayotumia injekta) unataka ulioandikwa R9, ule wa R7 ni wa kabureta na presha ndogo, mtaani vinauzwa pamoja kwenye roli moja juu ya nyingine na bei haipishani sana. Klipu ya plastiki iliyozeeka ikitoka badilisha, hata kama inaonekana nzima, plastiki iliyokaa na joto miaka yote hiyo inakauka na kuvunjika kirahisi.