Walitaka kushusha injini

Mimi ni mshonaji. Cherehani ikiruka uzi naisikia kabla sijaitazama nguo. Kwa hiyo Corolla yangu ya mwaka 1998, ile mia na kumi yenye injini ya 5A, ilipoanza kuruka mapigo kwenye foleni ya Ubungo, nilizima redio nikatega sikio. Tu-tu-tu, kimya. Tu-tu-tu, kimya. Kioo cha ndani kilitetemeka mpaka bodaboda aliyekuwa nyuma yangu sikumwona sura. Nikikanyaga mafuta linatulia kidogo. Nikiachia, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, gari linataka kuzimika. Asubuhi za mvua ndiyo usiseme.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa muda wa kumeza mate. "Mama, hii inamisi. Ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini." Milioni moja na laki mbili, spea mbali. Nikamuuliza amepima nini. Akanivuta mpaka kwenye eksozi ninuse petroli. Harufu ilikuwepo kweli, ila petroli isiyoungua hunuka vilevile hata kama kilichokosekana ni moto wa plagi tu. Ringi zikiisha gari linakunywa oili na kutoa moshi wa bluu. Mimi stiki ya oili naichomoa kila Jumapili. Ilikuwa imeshuka kidogo mno, na hicho kidogo baadaye nilijua kilikokwenda.

Nikamwita mtoto wa kaka yangu, anasoma ufundi magari VETA. "Shangazi, tutafute kwanza ni silinda ipi." Akazima injini, akachomoa plagi waya moja, ule waya unaopeleka umeme kwenye plagi, akaichomeka plagi kuukuu na kuilaza kwenye chuma cha injini ili umeme upate pa kutokea, akawasha. Namba moja, ile iliyo upande wa mkanda: gari likachechemea vibaya zaidi. Namba mbili, vilevile. Namba tatu: hakuna kilichobadilika. Yaani ilikuwa imelala siku zote. (Usizichomoe injini ikiunguruma. Nilimwona fundi mmoja akirushwa na umeme mpaka spana ikaingia mtaroni.)

Tukangoja giza liingie. Nikaleta chupa ya kunyunyizia maji ninayotumia kupigia pasi, tukarusha ukungu kidogo juu ya plagi waya huku gari likiwaka. Pale namba tatu cheche za bluu zikacheza nje, kwenye mdomo wa tundu, mahali ambapo hazina kazi.

Asubuhi kijana alipoichomoa plagi waya hiyo, mpira wake ulitoka umelowa oili kama andazi linalotolewa karaini, na ulikuwa umepasuka. Akakausha tundu kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, maana oili ile ingemwagikia ndani ya silinda. Kisha akanipa plagi mkononi. Kwenye kaure nyeupe kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, kutoka juu mpaka kwenye chuma. Ndiyo njia ya wizi hiyo: moto badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi ulikuwa unateremka kwa nje na kupotelea kwenye chuma. Mita ya kupimia ukinzani wa umeme nayo ikasema yake. Plagi waya ya Toyota haitakiwi kuzidi kilo-omu 25. Zile nyingine tatu zilikuwa kwenye kumi hivi; hii ilipita 40.

Oili yenyewe ilitoka juu, kwenye gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, na sili za matundu ya plagi, zilizokauka mpaka zinakatika kama biskuti. Nilikwenda Gerezani nikanunua gasketi na sili zake, plagi nne na seti ya plagi waya: 138,000. Kabla ya kufunga nilimlipa jirani mwenye geji apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, niondoe neno la ringi kichwani. Silinda zote nne zilikaribiana, kati ya psi 165 na 170; ringi hazikuwa na kosa.

Sasa linahesabu mapigo yote manne. Nikiwasha kiyoyozi kwenye mataa bado usukani unatetemeka kidogo, ila hiyo ni mauntingi, kishikio cha mpira cha injini, ya upande wa gia boksi, nimeiona ilivyochanika. Inangoja hela za sare za Januari.