Jinsi nilivyojua umri wa kijiko changu cha fedha

Nilikinunua kwenye gulio la vitu vya kale Vienna, nikaambiwa ni cha 1840. Alama yake, yaani muhuri unaogongwa kwenye fedha kuonyesha ubora wake, ilikuwa imelika, haisomeki. Nilikipangusa kwa kitambaa laini (usitumie dawa kali, utafuta hata kilichobaki), nikamulika tochi kutoka ubavuni na kutazama kwa kioo cha kukuzia. Kikajitokeza kichwa cha Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi, pamoja na 3 na herufi A. Basi si cha 1840! Mihuri ya Vienna ya 1807 hadi 1866 huwa na namba 13 au 15 (kiwango cha usafi wa fedha) katikati, na mwaka wenyewe umegongwa pembeni. Diana ni wa 1867 hadi 1922. 3 ni fedha yenye sehemu 800 safi kati ya 1000, A ni Vienna.