Tapu Malindi: ubao kwanza

Anayeuliza kama densi ya tapu, ile ya kupiga mdundo kwa viatu vyenye vyuma chini, inaweza kumlisha mtu Malindi huanza kwa kuuliza viatu. Viatu vitapatikana. Kinachokosekana ni sakafu. Zunguka hoteli za ufuoni, Silversands hadi Casuarina, uangalie mahali wanapochezea wasanii: vigae, saruji iliyosuguliwa, au mawe kando ya bwawa la kuogelea. Saruji hainepi hata kidogo, kwa hiyo nguvu ya kisigino inampanda mchezaji mwenyewe hadi kwenye muundi na goti, na mlio unaotoka ni mkavu na haufiki meza ya tatu. Vigae navyo vinateleza, maana chuma cha tapu ni alumini na hakishiki kitu. Kando ya bwawa usicheze kabisa, hata wakikuahidi kupakausha.

Kwa hiyo mchezaji wa tapu pwani hii hubeba sakafu yake. Nunua plaiwudi ya marini, futi 8 kwa 4, unene milimita 18. Ile ya kawaida ni rahisi, lakini unyevu wa bahari unaachanisha matabaka yake na baada ya hapo mlio unakuwa wa kitu kilichopasuka. Ubao mzima una uzito wa kilo 30 na ushei, kwa hiyo mwambie seremala aukate vipande viwili vya futi 4 kwa 4. Kama una nia ya kufika Lamu, huna hiari katika hilo: ubao wa futi 8 haukati kona za vichochoro vya mji wa kale, na kutoka gatini utachukuliwa kwa mkokoteni au punda.

Chini ya kila kipande zipigwe mbao za inchi 2 kwa 1, zikilala bapa, umbali wa futi moja moja. Nafasi tupu inayobaki katikati ndiyo inayoufanya ubao uvume. Skrubu ziingie kutoka chini, urefu milimita 35. Piga hesabu: mbao 25 na plaiwudi 18 ni 43, kwa hiyo ya 35 inashika vizuri na haitokezi juu. Ya 45 itatokeza, na ncha hiyo ndiyo itakayonasa chuma cha kiatu katikati ya onyesho. Kisha gundisha chini ya zile mbao vipande vya tyubu kuukuu ya lori ili ubao usitambae juu ya vigae. Wengine huweka godoro la sponji wakidhani wanalinda magoti. Sponji nene inaufanya ubao uyumbe na inaumeza mlio wote.

Usipake vanishi. Piga msasa namba 120, ziba kingo kwa rangi ili maji yasiingie, basi. Unapohifadhi, ulaze bapa juu ya magogo mawili; ukiuegemeza ukutani msimu mmoja wa masika unatosha kuupinda.

Viatu sasa. Kila kiatu kina vyuma viwili, cha mbele na cha kisigino, na vingi hushikwa kwa skrubu tatu. Vyuma vyenyewe huagizwa nje. Kiatu chaweza kuwa cha mtumba, mradi kiwe cha ngozi na soli yake iwe ya ngozi ngumu, si raba. Fundi viatu akifunga, mkague mambo mawili. Chuma kikae sawasawa na ukingo wa soli, kisichomoze mbele ya ncha, la sivyo mtu atajikwaa kila anapopangusa sakafu kwa ncha ya mguu. Na skrubu iwe fupi kuliko unene wa soli. Ikizidi, mguu utakuambia mapema. Skrubu zikikazwa sana mlio unakuwa mkali na safi, zikilegezwa kidogo zinachechemesha chuma na kutoa mlio mpana. Wachezaji wazoefu hucheza na hilo. Lakini skrubu iliyolegea mno hushuka na kukwaruza sakafu, na ndiyo sababu mameneja wengi wakisikia viatu vya chuma wanakataa hata kabla ya bei. Waonyeshe ubao kwanza.

Chumvi ya hewani hutia skrubu kutu. Futa kwa kitambaa kikavu baada ya kila onyesho, tembea na bisibisi na skrubu za akiba. Mchanga ni mbaya zaidi: usivae viatu hivyo kutoka chumba cha kubadilishia hadi jukwaani, vibebe mkononi. Watoto wa New Orleans hubandika vizibo vya soda chini ya viatu na wakacheza barabarani, na ni jambo zuri kabisa barabarani. Kwenye ubao wako vizibo vitachimba mitaro.

Katika kufundisha, hatua ya kwanza ni shafu: ncha ya mguu inapangusa mbele, inapangusa nyuma, milio miwili iliyo sawa. Makosa hapa ni yale yale kila darasa. Mwanafunzi anakaza kifundo, anainua paja, anapiga teke. Mlio wa mbele unasikika, wa nyuma unapotea. Mshikishe kiti, mwambie aache mguu uning'inie kutoka gotini kama hauna mwenyewe, kisha auache upite. Polepole, "na moja, na mbili". Flapu hufuata: kupangusa mbele kisha kukanyaga, milio miwili. Kisha krampu-roli yenye milio minne: ncha ya kulia, ncha ya kushoto, kisigino cha kulia, kisigino cha kushoto. Hii inafichua mara moja nani anaharakisha, maana milio minne inakuwa mitatu.

Kwa mdundo, watoto wa hapa wana mtaji. Swing ya jazi huligawa pigo katika vitatu, na aliyelelewa kwenye chakacha na vugo ana vitatu hivyo mwilini tayari. Wakishashika hatua, wape Shim Sham, densi fupi ya tapu ambayo Leonard Reed na Willie Bryant waliitunga mwishoni mwa miaka ya 1920. Ni mizunguko 32 ya mapigo manne, sehemu nne, na karibu kila mchezaji wa tapu anaijua. Ubao mmoja wa futi 8 kwa 4 unatosha wanafunzi wawili kwa raha, wanne kwa kubanana. Kabla ya kupanga saa, uliza ratiba ya madrasa ya mtaa, na umalize kabla ya magharibi. Kina mama wakitaka darasa lao peke yao, wapangie.

Nalisisitiza darasa kwa sababu hoteli hujaa Agosti na Desemba, na Aprili hadi Juni zinalala. Hata magwiji wa Marekani hawakuishi kwa jukwaa pekee. Honi Coles na Cholly Atkins walikuwa wawili wa kutisha katika miaka ya 1940. Kazi za tapu zilipokauka, Coles akawa meneja wa uzalishaji katika ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, na Atkins akaenda kampuni ya muziki ya Motown, Detroit, kuwafundisha waimbaji kama Supremes na Temptations namna ya kutembea jukwaani. Mwaka 1989 Atkins alishinda Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani Marekani, kwa kupanga densi za onyesho la Black and Blue, pamoja na Henry LeTang, Frankie Manning na Fayard Nicholas. LeTang alikuwa mwalimu kabla ya yote.

Ukija kwenye onyesho lenyewe, Malindi ina kitu ambacho New York haina: wapiga ngoma wa Kigiriama walio jirani, na watazamaji waliozoea kusikia mguu, maana njuga wanaijua. Mbadilishane na mpiga ngoma: mizunguko 4 yeye, 4 wewe, kisha miwili, kisha mmoja. Ila chagua ala. Ngoma nene inakaa kwenye sauti za chini na kukuachia za juu. Kayamba, ingawa ni tamu, ina mchakacho ulio palepale yalipo mapigo ya chuma, na mgeni ataona miguu ikienda asisikie kitu. Kayamba ipigwe unapoingia na unapotoka. Maikrofoni mbili chini, kando ya ubao, zifunikwe sponji kwa ajili ya upepo, zisiguse ubao.

Katika bei, tenga usafiri wa ubao na ujira wa onyesho, viandikwe mistari miwili. Meneja akiona jumla moja atapunguza, na atakachopunguza ni gari, kisha atakuuliza kwa nini huwezi kucheza palepale kwenye vigae. Andika pia kwamba ubao utatandikwa jua likishapungua, nusu ya malipo inatangulia, na mvua ikinyesha unahamia chini ya makuti au onyesho linaahirishwa.