Wageni wa beseni
Leo nimetoka nje saa kumi na mbili kasoro, upepo wa huku Engikaret unapiga mabati kama kawaida. Nimemimina maji kwenye beseni kuukuu chini ya mgunga. Maji tunanunua kwa dumu, na mama analalamika kila siku, lakini kiangazi hiki ni kirefu, siwezi kuwaacha ndege na kiu.

Kwenzi wametangulia, matumbo rangi ya chungwa, wanagombana hadi maji yanaruka. Kanga wakafuata.

Baadaye nikiwa na mbuzi kwenye nyasi fupi, nikawaona. Kipozamataza wa Beesley, watatu! Wana rangi ya vumbi, huwaoni mpaka wakimbie. Wakisimama wanasimama wima, mkia mfupi wenye ncha nyeupe, ukucha wa nyuma mrefu kama mwiba. Jamani, duniani kote ndege huyu anaishi kwenye tambarare hizi tu, huku kaskazini mwa Arusha. Zikilimwa zote, hana pa kuhamia.

Nimekaa chini nusu saa nzima nikiwatazama. Mbuzi nimewakuta korongoni, wote wapo.