Postdoki ni kazi, si skolashipu: vile nilipata yangu

Wasee wengi tuliosoma nao PhD pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wanaomba postdoki (ile kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) vile mtu huomba skolashipu, barua imejaa shida za nyumbani na "nitashukuru sana mkinipa hii nafasi", na kwa maoni yangu hapo ndio watu hukwama. Postdoki ni kazi. Kuna profesa mahali ana pesa za mradi na anatafuta mtu wa kufanya kitu ambacho watu wake hawakiwezi, basi.

PhD yangu ilikuwa ya viwavijeshi, wale walioonekana Kenya 2017 wakamaliza mahindi ya watu, na mimi kazi yangu ilikuwa kunusisha nondo wao, wale vipepeo wa usiku wanaotaga hao viwavi, harufu za majani. Nikaona tangazo la chuo kimoja Ujerumani, wanataka mtu wa mambo hayo hayo. Mshahara haukuandikwa, ni E13 tu na asilimia 100. Usiogope ukiona hivyo, hiyo ni ngazi ya mshahara, jedwali liko wazi kwa mtandao, we angalia ile asilimia, ni ya saa za kazi kamili, maana kuna kazi hutangazwa za 50 au 65 (mara nyingi za wanafunzi wa PhD) na pesa inapungua vivyo hivyo.

Kabla sijatuma kitu nilisoma pepa zao za karibuni, si muhtasari tu, mpaka sehemu ya mbinu ambayo watu huruka, na nikagundua nondo wao wote wamefugwa maabara kizazi baada ya kizazi. Nikaingilia hapo. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, ikisema wadudu wakifugwa sana tabia hubadilika, mimi nimeshika wa shambani Embu na Machakos, na hivi ndivyo ningeanza nao miezi ya kwanza. Habari za familia sikuweka hata moja.

Wa kunipendekeza sikuchagua profesa mkubwa, yule wa "andika mwenyewe nitasaini". Nilichukua msimamizi wangu wa pili, aliyeniona nikilala maabara.

Iliyonitoa jasho ni karatasi. Nilikuwa nimeshatetea tasnifu lakini mahafali bado, na cheti hungoja mahafali, kwa hivyo nilitaka barua tu ya kuthibitisha nimemaliza. Kila nikifika ofisini, karani ananiambia, "Daktari, rudi Alhamisi." Siku moja nikamwambia, "Mama, leo nakaa hapa hapa," nikakalia benchi na laptopu yangu mpaka akatafuta muhuri mwenyewe.

Intavyuu nilienda kufanyia kwa rafiki Kasarani mwenye faiba, kwetu stima hupotea bila kuaga. Slaidi chache, halafu wakauliza ni nini kilikataa kabisa kwa PhD na nilifanyaje, hilo swali lijiandae nalo. Mimi nikauliza pesa za mradi zinaisha lini. Profesa akacheka, akasema miaka miwili, wa tatu tukipata pesa zingine. Nikajua huyu tutaelewana.

Kama unataka kwenda na wazo lako mwenyewe, kuna ufadhili wa Humboldt wa Ujerumani, bora PhD yako haijapita miaka 4, na ule wa Umoja wa Ulaya, Marie Skłodowska-Curie, hufungwa karibu Septemba, hiyo inakubali mpaka miaka 8. Zote mbili lazima kwanza profesa wa huko akukubali, kwa hivyo ile barua ya ukurasa mmoja bado utaiandika.